Wazazi wa Watoto Wenye Usonji, Tafutaneni

Leo nina neno na wazazi wenye watoto wenye usonji, kisha nina neno na sisi tulio majirani zao. Nianze na wazazi.

Huenda mwanao ametimiza miaka mitatu na bado hajakuita mama. Unamwita kwa jina lake, hageuki. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni, anaziba masikio na kulia mpaka sauti inakauka. Huenda alishakuwa na maneno mawili matatu, kisha yakapotea. Anapanga vizibo vya soda mstari mmoja tangu asubuhi, na ole wake atakayekigusa kimoja. Usiku wenzako wamelala, wewe uko macho, unajiuliza: nilikosea wapi?

Hukukosea popote, mzazi mwenzangu.

Usonji ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, na mara nyingi huanza mtoto akiwa bado tumboni. Hauletwi na malezi mabaya, wala na mama kwenda kazini, wala na baba kuwa safarini. Wala hauletwi na chanjo. Kuna daktari wa Uingereza aliyeandika makala mwaka 1998 akiihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji; mwaka 2010 jarida lililoichapa likaifuta, na mwaka huohuo akafutiwa usajili wa udaktari. Watafiti wa Denmark nao walifuatilia watoto zaidi ya 650,000. Majibu yao, yaliyotoka mwaka 2019, yalionyesha kwamba waliopata chanjo hiyo hawakuzidi wenzao kwa usonji.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatujaambiwa. Rubela ikimpata mama mjamzito, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na usonji umo katika madhara hayo. Kwa hiyo chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2014, ni kinga. Wapelekeni watoto wakachanjwe bila hofu.

Najua mnayoambiwa mitaani. Katika pwani ya Kenya, watafiti waliwauliza wazazi wanadhani usonji wa watoto wao umetoka wapi, na majibu yakachapishwa mwaka 2015. Wapo waliotaja maradhi na matatizo ya uzazi, na wapo waliotaja majini, uchawi na laana. Nani atamlaumu mzazi aliyepita kwa mganga? Mwenye uchungu hubisha hodi kila mlango. Ninachoomba ni kwamba fedha ya mbuzi na kuku isimalize nauli ya hospitali.

Hata wasomi walishawahi kuwaumiza wazazi. Huko Marekani na Ulaya, katikati ya karne iliyopita, madaktari wakubwa waliandika kwamba mtoto huwa hivi kwa sababu mama yake hana upendo. Hebu fikiria mama anayekesha na mwanawe, kisha anaambiwa hampendi! Waliosaidia kuuvunja uzushi huo ni wazazi wenyewe. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu mwaka 1964 kuupinga. Mwaka uliofuata akaungana na wazazi wenzake kuanzisha chama. Wazazi wa Uingereza walishatangulia, mwaka 1962, na miongoni mwao alikuwamo Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili na mama wa binti mwenye usonji. Karibu na kwetu, Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003.

Mnaona? Hawakusubiri kuitwa. Walitafutana.

Na kutafutana si lazima kuanze na katiba na muhuri. Niliwahi kuwaona akina mama wawili kwenye benchi la kliniki, hawajuani. Mmoja alikuwa na mtoto mdogo aliyekuwa akitafuna ukosi wa shati na kupiga kelele. Watu walikuwa wanageuka kuangalia. Mwenzake akasogea.

"Pole, dada. Wa kwangu alikuwa hivihivi."

"Nimeshapoa, dada. Wa kwako ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na minne. Hilo shati, kata lebo ya shingoni. Inamkwaruza. Wewe huoni kitu, yeye anaisikia kama mwiba."

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa vipande vya boksi alivyotoboa na kuvifunga kwa uzi. Kila kipande kimebandikwa picha: kikombe, choo, kitanda, daladala, sahani ya wali. Kingo zimechakaa kwa kushikwa. Akaeleza kwamba mwanawe akiwa na kiu humletea picha ya kikombe, na kabla hawajatoka nyumbani humwonyesha ya daladala, ili safari isimshtue. Yule mama wa mtoto mdogo akavipokea, akavipekua kimoja kimoja, akauliza gundi aliyotumia.

Gundi tu! Lakini nilimwona amekaa wima, uso umefunguka. Alikuwa ameingia kliniki akiamini ni yeye peke yake nchini mwenye mtoto wa namna hiyo.

Wala hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Chukua kijiji au mtaa wenye watu elfu mbili, ufanye hesabu. Wako wapi? Wengine wamo ndani, mlango umefungwa, kwa sababu mama amechoka kutazamwa.

Basi wazazi, naomba mambo machache. Mkiwa watatu tu katika kata moja, mnatosha. Kutaneni mara moja kwa mwezi, kwa zamu, nyumba ya huyu na nyumba ya yule. Pelekeni watoto, maana hapo hakuna atakayewashangaa. Ulizaneni mambo ya kawaida kabisa: umemfundishaje choo? Anakula nini kama hataki mboga? Kama ana kifafa pia, dawa yake unampa saa ngapi? Na siku mwenzenu ana msiba au mgonjwa, mmoja amchukue mtoto, apate kupumua.

Akina baba, mpo? Mara nyingi mama ndiye anayekwenda kliniki, ndiye anayekwenda shule, ndiye anayekesha. Sidhani mnakataa, nadhani wengi mnaumia kimya na hamna wa kumweleza. Njooni kwenye kikao. Mtoto atakuzoea ukimwogesha kila jioni kwa namna ileile na saa ileile, kwa sababu watoto hawa hutulia wanapojua kinachofuata.

Msiwasahau ndugu zake nyumbani. Dada mkubwa anayemlinda mdogo wake kila siku naye anataka jioni yake ya kusikilizwa.

Sitawadanganya kwamba kila mtoto atazungumza au atafaulu mitihani. Wapo watakaofika chuo kikuu, na wapo watakaohitaji kusaidiwa maisha yao yote. Ila wanajifunza, na wanajifunza zaidi wakianza mapema. Siku mtoto wa miaka sita anapovaa kandambili mwenyewe, kulia kulia na kushoto kushoto, mpigie simu mzazi mwenzio. Atakayeelewa kwa nini unalia kwa furaha ya kandambili ni yeye.

Sasa sisi wengine. Tufanye nini?

Muuguzi wa kliniki, mama anapoleta mtoto chanjo ya miezi kumi na minane, muulize: anageuka akiitwa? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Kama hapana, usimwambie avute subira mpaka mtoto atakapozungumza. Mwelekeze kwa daktari wa watoto, na masikio yapimwe pia, maana wapo wanaodhaniwa wana usonji kumbe hawasikii.

Konda, akipanda mama na mtoto anayepiga kelele, punguza muziki hata vituo viwili. Kinyozi, mashine yako inamtisha. Mpangie asubuhi kabla foleni haijajaa, umwache kwanza aishike ikiwa imezimwa, na kama bado anaogopa, mnyoe kwa mkasi. Shehe, mchungaji, mtoto akiinuka katikati ya ibada, tabasamu lako la mbele litawatuliza waumini wote nyuma.

Mwajiri, mfanyakazi wako anayeomba ruhusa kila baada ya wiki kadhaa kumpeleka mtoto kwa mtaalamu si mvivu. Mpe ratiba inayomwezesha, naye atakulipa kwa kazi.

Walimu wetu, mzigo wenu naujua. Darasa limejaa na mafunzo ya elimu maalumu hamkupata wote. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma, na inawezekana. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Aliye na nafasi aende akaone wanavyofanya, kisha arudi kwake aanze na kona moja tulivu darasani.

Na jambo moja ni la kila jirani. Baadhi ya watoto hawa hutoka nyumbani ghafla, hawajui hatari ya gari, na wengi huvutwa na maji. Akipotea, huenda asiweze kusema jina lake wala la baba yake. Je, unamjua kwa sura mtoto wa nyumba ya tatu? Ukimkuta karibu na mto, kisima au barabara kuu, usimfokee. Mshike mkono taratibu, umrudishe kwao. Wazazi nao washone namba ya simu ndani ya nguo yake, kwa uzi laini usiomkwaruza.

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya usonji duniani. Msingojee Aprili. Wewe mzazi ambaye mwanao ameshakua, uliyevuka miaka migumu ya mwanzo, unayo elimu ambayo haiuzwi duka lolote. Wiki hii mwulize muuguzi au mwenyekiti wa mtaa wako ni nani hapa jirani ana mtoto mdogo mwenye hali hii, kisha nenda ukabishe hodi.