Treni ya Katanga imeandikwa, njia ya wanaokimbia bado

Wapenzi wa riwaya za kusisimua wanalijua jina la Wilbur Smith. Alifariki tarehe 13 Novemba 2021 mjini Cape Town, Afrika ya Kusini, akiwa na umri wa miaka 88. Aliacha riwaya 49, na nakala za vitabu vyake zilizouzwa zinapita milioni 140. Wachache wanajua kwamba kitabu chake cha pili kilihusu vita vya Congo. Jambo hilo linawahusu sana wale ambao leo wanalala kambini kwa sababu ya vita.

Smith alizaliwa mwaka 1933 Broken Hill, katika Rodezia ya Kaskazini. Mji huo leo unaitwa Kabwe na uko Zambia, juu ya reli ileile inayofika Lubumbashi. Baba yake alikuwa mfugaji na hakuona faida ya kuandika vitabu. Mama yake ndiye aliyempendezesha kusoma. Kijana alisomea mambo ya biashara kwenye chuo kikuu cha Rhodes, kisha akafanya kazi ya hesabu za kodi.

Riwaya yake ya kwanza ilikataliwa na wachapishaji mmoja baada ya mwingine, hata akakata tamaa. Aliporudi mezani aliandika yale aliyoyajua: ng'ombe, dhahabu, uwindaji na mambo ya familia. Kitabu hicho, When the Lion Feeds, kilitoka mwaka 1964. Serikali ya Afrika ya Kusini ilikipiga marufuku, lakini kwingine kilinunuliwa sana, naye akaacha kazi ya ofisi.

Mwaka 1965 alitoa The Dark of the Sun. Ni wakati Katanga imejitenga chini ya Moïse Tshombe. Mamluki wanapanda treni Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwenda kuokoa watu waliozingirwa katika mji wa machimbo, na kurudi na almasi. Hadithi inakwenda mbio, na msomaji hawezi kuiweka chini.

Lakini swali ni hili: katika treni ile, Mkongomani yuko wapi? Yupo sajenti, mtu wa heshima na nguvu. Hata hivyo, anayebeba hadithi ni kapteni mzungu, Bruce Curry. Wanakijiji walio kando ya reli wanapita dirishani tu. Nani alichomewa nyumba, nani alipoteza mtoto njiani, kitabu hakikai nao.

Wengine watasema riwaya ni riwaya, si habari. Ni kweli. Lakini wasomaji wengi wa mbali wameijua Congo kupitia vitabu vya namna hiyo. Filamu iliyotokana na kitabu hicho mwaka 1968 ilipigwa Jamaica. Watu waliketi kwenye sinema wakitazama Congo isiyokuwa hata na kipande cha udongo wa Congo.

Kumlaumu marehemu hakusaidii kitu. Afadhali kuchukua funzo la maisha yake: alifaulu alipoandika anayoyajua. Na nani anajua kukimbia vita kuliko mama aliyetoka usiku, mtoto mgongoni, sufuria ikiwa bado motoni? Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu milioni 7 waliohama makwao ndani ya nchi. Hesabu hiyo inasomwa redioni kwa nusu dakika, kisha inafuata habari nyingine.

Vijana waliosoma, walio kambini na kwenye familia zilizowapokea, wangeweza kuanza na kaye moja na biki. Waandike kijiji walichotoka, siku waliyoondoka, mto waliovuka, na mtu aliyewafungulia mlango bila kuwauliza kabila. Mzee asiyejua kuandika aseme, mjukuu aandike. Majina yanaweza kufichwa, maana usalama unatangulia, na kaye itunzwe mahali pa siri.

Kwa wanaokimbia, vita si kitu cha kusisimua. Ni njaa, ni mvua, ni kuzika mtu njiani. Watoto wa kambini wakikua watatafuta kujua wazazi wao walipita wapi. Wakikosa maandishi ya nyumbani, watabaki na treni ya Wilbur Smith peke yake.