Goma: Mtoto anayefungua manete asichapwe, lakini batri isichezewe

Katika kartie nyingi za Goma, Birere, Majengo, Ndosho na kwingineko, chumba kidogo cha mbao chenye televisheni na PlayStation ni kazi kamili. Vijana wanalipa kwa kila mechi, na feza hiyo ndiyo inanunua unga na makala ya jioni. Hata kati ya jamaa zilizokimbia vita Masisi na Rutshuru, kuna zilizoanza hivyo na mashine moja kuukuu. Manete ikiharibika, wachezaji wawili wanabaki mmoja, na mtu wa peke yake halipi mechi.

Sasa, kijana wa nyumba akichukua turnevisi ili aifungue, mara nyingi mzazi anapiga kelele: "Utaimaliza kabisa!" Wengine wanachapa. Kelele hiyo inaeleweka, maana tangu benki za Goma zifungwe mwezi wa Januari 2025, feza taslimu zimekuwa ngumu na hakuna anayetaka kununua kitu mara mbili. Lakini ndiyo sababu kubwa ya kumwacha kijana ajaribu. Manete iliyokwisha kufa haiwezi kufa tena, na sehemu kubwa ya ugonjwa wake ni uchafu tu.

Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Tangu milipuko ya 2002 na 2021, vumbi jeusi linaingia kila mahali, mpaka ndani ya sahani zilizofunikwa. Linaingia pia pembeni ya kile kijiti ambacho kidole gumba kinasukuma. Chini ya kijiti kuna visanduku viwili vidogo: kimoja kinapima kwenda juu na chini, kingine kushoto na kulia. Ndani yake, ulimi mdogo wa chuma unasugua juu ya njia nyeusi ya kaboni. Njia ikichafuka au ikilika, mashine inadhani kidole kinasukuma hata kama hakuna anayegusa. Ndipo mchezaji anaanza kutembea peke yake uwanjani, na watoto wanasema manete imerogwa.

Haijarogwa. Kwanza ijaribiwe na kebo nyingine, maana kebo ndiyo inayokufa mbele, hasa zile manete za zamani za PlayStation 2 ambazo waya wake unakatika karibu na kichwa. Ile ya PlayStation 4 ina tundu dogo mgongoni. Ukisukuma ndani yake kwa ncha ya kipini, inasahau yote, kisha inaunganishwa upya kwa kebo. Wengi wamelipa fundi kwa kazi hiyo ya dakika moja.

Ikikataa, ifunguliwe. Ile ya PlayStation 4 ina vis nne tu mgongoni. Vifuniko vitenganishwe polepole, maana kuna utepe mwembamba unaounganisha pande mbili, na chemchemi ndogo za vitufe vya mbele hupenda kuruka chini ya kitanda. Batri itolewe kwenye plagi yake kabla ya kazi nyingine yoyote. Halafu tone la alkoli kwenye visanduku, kijiti kizungushwe mara nyingi, na manete iachwe ikauke vizuri. Alkoli ya asilimia 90 au zaidi ndiyo nzuri. Ile ya 70 ina maji mengi. Petroli hapana, manukato hapana. Kitufe kisichojibu mara nyingi kinataka kupanguswa tu: mpira wake, na ile karatasi ya plastiki yenye mistari iliyo chini yake.

Kuna wanaosema michezo hii inapoteza watoto, basi manete ikifa ni heri. Maoni hayo yana ukweli kwa mtoto anayekimbia shule. Lakini kijana anayefungua manete hachezi tena. Anajifunza jinsi kurani inavyopita, na siku nyingine atafungua redio ya jirani. Milima ya Rubaya, huko Masisi, inatoa coltan, na ndani ya coltan mna tantalum inayoingia katika vifaa vya elektroniki dunia nzima. Ni aibu kidogo kwamba watu wa milima hiyo wafundishwe kuogopa vis nne.

Jambo la kuogopa ni batri. Ni ya lithium, na ikivimba kama mkate, kazi ya nyumbani imekwisha. Isitobolewe, isichajiwe tena, isitupwe katika mbabula wala katika takataka zinazochomwa. Ikishika moto, haizimiki kwa urahisi. Katika nyumba ya mbao au ya maturubai, ambapo jamaa sita wanalala chumba kimoja na ukuta wa jirani uko mkono mmoja tu, moto wa batri moja hauishii kwa mwenye manete. Hapo mzazi apige kelele kweli. Na kuchaji usiku kucha watu wakilala, juu ya godoro, ni tabia ya kuachwa leo.

Kubadilisha kijiti chote nako ni kazi ya fundi. Kimeshikwa kwa sehemu 14 za risasi iliyoyeyushwa, na chuma cha moto mikononi mwa asiyejua kinachoma kadi nzima. Lakini fundi naye aseme bei kabla ya kufungua, afanye kazi mbele ya mwenye mali, na kijiti cha zamani akirudishe mkononi mwa yule kijana.