Maharage Ndani ya Saa Moja
Maharage makavu juu ya jiko la mkaa hula saa mbili, hata tatu, na mpishi habanduki: apepee, aongeze mkaa, aongeze maji. Jiko la umeme la presha huyaivisha ndani ya saa moja, na uniti moja ya umeme wa LUKU haiishi, maana mvuke uliofungiwa hupandisha joto kupita nyuzi 100. Mama yangu siku hizi huyabandika, hufunga mfuniko, kisha huenda zake sokoni. Mkakati wa serikali wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, ila jiko hilo la presha lilipiwe kidogo kidogo, kama tununuavyo mkaa kwa kopo.