Nafasi Ndogo Si Aibu

Wapo wanafunzi, hapa Kawangware na kwingineko, wakataao kuigiza wasipopewa nafasi ya mfalme. Huo ni ujinga. Na watazame filamu. Katika The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa picha kwa sehemu huko Kibera, mkuu alikuwa Ralph Fiennes. Lakini tuzo ya Oscar ilimwendea Rachel Weisz, mwigizaji msaidizi. Mwaka 2014 Mkenya mwenzetu, Lupita Nyong'o, aliipata tuzo iyo hiyo kwa kuigiza mtumwa Patsey katika 12 Years a Slave. Chiwetel Ejiofor, aliyekuwa mkuu, alitoka mikono mitupu. Kipaji hakipimwi kwa wingi wa maneno. Asiyeweza kuyasema matatu vizuri, mia atayawezaje?