Kitengela ikizimika, data ipite wapi?

Intaneti ya Kenya huingilia kwetu. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Ndiyo maana tunapozungumzia hatari, macho huelekea baharini. Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na mtandao ukalegea Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda.

Lakini nchi kavu nayo ina sehemu zake nyembamba. Tazama Kitengela, kaunti ya Kajiado. Mji huo uko kwenye barabara ya Namanga, inayounganisha Nairobi na Arusha, na nyaya za faiba za kwenda Tanzania hufuata barabara hiyo hiyo. Mwishoni mwa Aprili 2024 Mto Athi ulifurika na kuvuruga safari eneo hilo. Mchuuzi wa Kongowea anayeagiza vitunguu kutoka Arusha huenda anaitegemea njia hiyo bila kujua: hata mzigo usipopita hapo, huenda ujumbe na malipo yanapita.

Mitambo ya kisasa ina jibu, lakini lina masharti. Katika mtandao wa kawaida kila ruta huamua yenyewe pakiti ielekee wapi. Katika uelekezaji wa segmenti, uliowekewa kanuni za kimataifa mwaka 2018, ruta ya kwanza huandika ratiba juu ya pakiti: pitia Kitengela, kisha Kajiado, kisha Namanga. Ni kama dereva wa lori anayetoka Changamwe na orodha ya vituo mkononi.

Waya ukikatwa na katapila kati ya vituo viwili, ruta jirani huwa na njia ya akiba iliyokwisha kupangwa. Lengo ni kuhama ndani ya milisekunde 50 hivi, na aliye kwenye simu hatambui.

Shida ni kituo chenyewe kinapokufa: umeme umepotea na betri zimeisha, au maji yameingia. Ratiba bado inasema pitia Kitengela. Njia za akiba za kufika Kitengela hazifai kitu, kwa kuwa hakuna wa kupokea. Pakiti hutupwa ilhali Kajiado na Namanga ziko hai.

Dawa ni kuipanga ruta jirani isome mstari unaofuata wa ratiba: ikiona kituo kimekufa, ikiruke na kutafuta njia nyingine ya kufika Kajiado. Ruta za mbali nazo ziendelee kuikumbuka Kitengela kwa muda, zisitupe pakiti kwa sababu tu jina limefutika kwenye majedwali yao. Au vituo viwili, tuseme Kitengela na Isinya, vipewe anwani moja ili kimoja kikianguka kingine kipokee. Ila kituo cha ukaguzi wa usalama hakirukwi ovyo.

Hata hivyo, programu haichimbi mtaro. Nyaya mbili ndani ya mtaro mmoja ni waya mmoja, hata kama ni za kampuni mbili. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mtandao hushindwa na njia moja. Njia ya pili ya kweli kati ya Mombasa na Arusha ni ile isiyokaribia Kitengela kabisa: Voi, Taveta hadi Moshi, au Lunga Lunga hadi Tanga.

Kampuni zitasema njia mbili ni gharama, na gharama humrudia mteja. Ni kweli. Basi tuanze na vituo vinavyobeba malipo, hospitali na shughuli za bandari. Mamlaka ya Mawasiliano izitake kampuni zionyeshe kwenye ramani njia zao za akiba zinapopita, kisha zizime kituo kimoja usiku, kwa makusudi, tuone kama data inapita.

Nawe mwenye duka, chama cha akiba au zahanati, kabla ya kutia sahihi mkataba wa intaneti uliza mawili: njia ya akiba inapita mtaro gani, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini? Ukikosa jibu, jua unalipia njia moja.