Vua lenzi kabla ya kulala, kisha mwambie mamako

Juzi msichana wa ploti yetu, miaka 17, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, nikilala na lenzi nitapofuka?" Alinunua za rangi ya asali kwa duka la vipodozi, bila kupimwa macho. Jicho lilikuwa jekundu siku ya pili. Mamake hajui.

Mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha. Lakini hili halihitaji digrii. Kioo cha mbele cha jicho hakina mishipa ya damu. Hupata oksijeni kutoka kwa hewa na machozi. Ukilala na lenzi unakinyima pumzi, na viini vinapata upenyo. Kidonda hapo kinaweza kuacha kovu na kukupunguzia uwezo wa kuona.

Zipo lenzi za kulala nazo, ndiyo, lakini hizo hutolewa na kufuatiliwa na mtaalamu wa macho, si muuza kope.

Usizioshe kwa mate wala maji ya mfereji. Usiazimane na beshte. Jicho likiuma au likishindwa na mwanga, zivue, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na umwambie mamako leo. Kelele zake zitaisha kesho. Kovu haliishi.