Wazazi, mwaka wa chuo hauishi Desemba

Wazazi wetu wa Nakivale, wa Base Camp, Juru na Rubondo, hii inawahusu. Na ninyi wa Kyaka na Rwamwanja wenye watoto Kampala, msipite, hii inawahusu pia.

Sisi ni wale vijana mnaotuona tukitafsiri kliniki na kupanga mistari siku ya chakula. Wengi wetu tuliishia S.6, chuo hatukufika. Lakini kila mwaka wa masomo ukikaribia kuisha, wawili watatu kati yetu tunapanda gari mpaka Mbarara, halafu basi la Kampala, tukibeba unga na maharage kwa wenzetu wanaosoma Makerere na vyuo vya jirani. Tunalala kwao, chumba kimoja watu watano, pale karibu na Wandegeya. Kwa hiyo tunaona pande zote mbili: tunamwona mzazi akipiga simu hapa kambini, na tumeshamwona mtoto akiipokea kule.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo wengi mnapotea njia. Shule za msingi na sekondari za Uganda zinafunga mwaka Desemba. Chuo si hivyo. Makerere mwaka unaanza mwezi wa nane, na mitihani ya mwisho kwa kawaida inaangukia mwezi wa tano kuelekea wa sita. Sasa angalieni: ni wakati ule ule muhula wa pili wa shule unafunguliwa, wadogo wanataka ada, daftari, viatu. Ni wakati ule ule maharage ya msimu wa kwanza yanakaribia kuvunwa na mikono inatafutwa shambani. Mzazi anapiga hesabu, anaona yule wa chuo ni mtu mzima, atajipanga. Anamkata. Hatusemi ni roho mbaya, ni hesabu tu. Lakini inamkuta mtoto katika wiki ambazo hawezi kwenda kutafuta kibarua, na kama ada ina salio, kuingia chumba cha mtihani kunakuwa mashaka.

Kuna wanaosema, "Si wanalipiwa na UNHCR?" Hapana jamani, si wote. Msaada wa DAFI, ulioanza 1992 kwa pesa za serikali ya Ujerumani, unachukua wachache. UNHCR wenyewe walihesabu kwamba mwaka 2019 vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu duniani kote walikuwa asilimia 3, baadaye ikapanda kufika kama 7. Wanataka iwe 15 ifikapo 2030. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mtoto wetu haki sawa na ya Mganda kwenye shule ya msingi. Juu ya hapo inamweka pamoja na wageni wengine. Basi wengi wanasoma kwa mbuzi wa baba, kwa kikundi cha akiba cha mama, kwa shangazi aliye Australia akikumbuka.

Sasa Wandegeya yenyewe. Mzazi asiyeijua akiiona kwenye simu anadanganyika. Mwenzetu mmoja alipigiwa na mama yake kwa video saa tatu usiku, akiwa amesimama kwenye foleni ya kuchapisha kazi yake ya mwisho. Nyuma yake taa, kuku wanachomwa, muziki, watu wanapita na boda. Mama akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo maisha yako hayo." Akakata. Wiki mbili hakutuma kitu, hakupokea simu. Kijana hakuwa amekula kuku tangu Noeli. Alikuwa anakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, mara moja kwa siku, jioni, ili usingizi umpate. Tulikuwepo. Tulimwona akiacha kurasa kumi za kazi yake bila kuchapisha kwa sababu pesa iliishia njiani, na alama zikaondoka hivyo hivyo.

Baadaye tulienda kumwona mama nyumbani Rubondo. Hakuwa mkali hata. Alisema tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2020, ukashuka tena 2021, yeye anakula mara moja ili mtoto asome, na pale kwenye video aliona kama anachekwa. Wote wawili walikuwa wanakula mara moja kwa siku, hakuna aliyemwambia mwenzake! Tulikaa pale mkekani tukakosa la kusema.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunaloomba si pesa. Muulize mtoto amekula nini leo, na wewe mwambie ulichokula. Ukiweza kutuma, hata kidogo, tuma mapema na uongeze ya kutolea, maana wakala anakata na serikali nayo inachukua nusu ya asilimia kwenye kila pesa inayotolewa. Mtoto akipokea elfu kumi kamili, hazifiki elfu kumi mkononi. Usipoweza kutuma pesa, debe la maharage ni msaada mkubwa kuliko mnavyofikiri. Wandegeya kila kitu kinanunuliwa, hadi mkaa.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa tunajua wengine mtatukasirikia. Simu za mahojiano. Familia imesubiri miaka nane, tisa, kusikia juu ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Siku moja ujumbe unaingia: wote waliopo kwenye karatasi wafike. Na tarehe inaangukia katikati ya mitihani. Mwaka uliopita dada mmoja wa kikundi chetu aliacha mitihani miwili akarudi kambini usiku. Walipofika ofisini, mahojiano yakaahirishwa. Akarudi Kampala bila hiki wala kile, na somo uliloacha unaweza kulisubiri mpaka litolewe tena, mwaka mzima huo.

Tungemwambia asije? Hatuthubutu. Hakuna kati yetu anayeweza kumwambia mzazi apuuze simu ile. Lakini kuna vitu vinawezekana kabla ya kumpandisha mtoto basi. Omba ratiba yake ya mitihani mwezi mmoja kabla, iweke pamoja na kadi ya familia. Ukipata tarehe, nenda nayo kwenye dawati ukaulize kama inaweza kusogezwa kwa mwanafunzi. Mara nyingine watakataa, mara nyingine wanakubali. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaogopa hata kuuliza, tunadhani faili litatupwa. Kama hujui la kusema, tuite, tutakwenda nawe, hiyo ndiyo kazi yetu. Na mtoto naye amwandikie mkuu wa idara kabla ya mtihani, asingoje uishe.

Halafu habari za msiba. Kwenye kikundi tulibishana sana juu ya hili. Wengine wanasema mfiche mpaka amalize. Sisi tulio wengi tunasema hapana. Mtoto atasoma kwenye Facebook ya binamu yake, peke yake, usiku, na hatakuamini tena. Mwambie, lakini mtafute kwanza rafiki yake wa chumbani awe karibu, na umwambie wazi kama anatakiwa kuja au mmemruhusu abaki. Kinachoua ni ile "fanya unavyoona." Hawezi kuona kitu siku hiyo.

Akirudi, mwacheni alale siku mbili. Kweli. Jembe lipo, halikimbii. Wasichana ndio wanaumia zaidi hapa: anashuka na begi, jioni hiyo hiyo yuko jikoni, kesho kuna wageni wamekuja "kumwona" na mbuzi zinatajwa. Baba zetu, tunawaheshimu, ila mgeni wa namna hiyo angeweza kungoja amalize mwaka wa tatu. Na matokeo hayatoki siku ya kufunga, yanachukua muda, basi msimuulize kila asubuhi kana kwamba ameyaficha mfukoni. Kama kuna somo la kurudia, atawaambia wale waliomuuliza amekula nini.

Ijumaa hii watatu kati yetu tunaenda. Mwenye kifurushi alete nyumba ya vijana Base Camp kabla ya Alhamisi jioni, afunge vizuri, aandike jina la mtoto na namba yake ya simu juu. Unga wa muhogo msiweke pamoja na mafuta, mara ya mwisho yalimwagika na tukafika Wandegeya tukinuka kama kikaango.